Sura ya Sita: Kitabu cha Kuazimwa kwa Saini ya Mzazi

Kuanzia katikati ya mwaka 2002, mwanafunzi wa shule za Cedarville, mji mdogo wa magharibi mwa jimbo la Arkansas nchini Marekani, alipotaka kuazima kitabu cha Harry Potter hakukikuta rafuni. Vitabu hivyo vilikuwa vimehamishiwa mahali ambapo mwanafunzi hafiki. Ilimpasa kwanza alete karatasi yenye saini ya mzazi, amkabidhi mkutubi, ndipo apewe kitabu. Vingine vyote alijichukulia mwenyewe.

Agizo hilo lilipatikana kwa njia ya kushangaza kidogo. Mzazi mmoja alilalamika kuhusu kitabu cha kwanza katika mfululizo huo. Shule ilikuwa na utaratibu wake: kamati ya watu 15 ikakaa, ikajadili, na wote 15 wakakubaliana kwamba kitabu kibaki palepale kilipo. Shauri likapanda hadi bodi ya shule. Wajumbe wakapiga kura, 3 dhidi ya 2, wakaipuuza kamati. Na ingawa lalamiko lilihusu kitabu kimoja, zuio likavikumba vyote vinne vilivyokuwa vimechapishwa hadi wakati ule.

Walipohojiwa baadaye kwa ajili ya kesi, wajumbe walioweka zuio walitaja sababu mbili. Walihofu kwamba vitabu vinamfundisha mtoto ukaidi, kwamba zipo sheria zinazoruhusiwa kuvunjwa. Na walihofu kwamba vinampeleka kwenye uchawi, tena uchawi kama dini. Katika ugomvi mzima wa vitabu hivi, kuanzia 1999 hadi karibu miaka kumi baadaye, sababu hizi mbili zilitembea zimeshikana mikono. Mimi nitaziachanisha, kwa kuwa hofu ya uchawi ilipiga kelele nyingi hata hofu ya ukaidi isisikike, na kwa maoni yangu hiyo ya pili ndiyo iliyostahili kujibiwa.

Kwanza uchawi. Mwenye kupinga kwa jina la Biblia huanzia Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, ambako Waisraeli wanakatazwa kupiga ramli, kuloga, kubashiri, na kutafuta habari kwa wafu. Orodha ni ndefu na makatazo hayana mwanya. Mtu anayeamini kwamba maneno hayo ni ya Mungu, halafu akamkuta mwanawe wa miaka tisa amejifunika shuka anasoma kuhusu shule inayofundisha kuloga kwa mitihani na alama, si mjinga akishtuka. Watetezi wa vitabu walimjibu kwamba ni hadithi tu. Jibu hilo halinishawishi. Walimu na wakutubi walewale waliolitoa walikuwa wakiwaambia wazazi kila siku kwamba kusoma kunajenga tabia na kupanua moyo. Kama kitabu chema kina nguvu ya kumjenga mtoto, kibaya nacho kina nguvu ya kumbomoa. Huwezi kulidai la kwanza ukalikana la pili.

Msomaji wa Shinyanga au Kilifi hahitaji kuelezwa kwa nini neno uchawi linamtoa mtu jasho. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, na Tanganyika ilipata yake mwaka 1928. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyovimba kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Kwetu anayekufa, mara nyingi kupita kiasi, ni yule aliyetuhumiwa. Hata hivyo mioto ya vitabu iliyotangazwa duniani kote iliwashwa Pennsylvania na New Mexico, katika nchi ambako kwa watu wengi mchawi ni vazi la mtoto la tarehe 31 Oktoba, ambalo akilivaa hupewa peremende. Hofu ile ilitoka wapi?

Ilitoka katika miaka ya themanini. Wamarekani wengi wa makanisa ya kiinjili walikuwa wamepitia muongo mzima wa kuambiwa kwamba Shetani anawawinda watoto wao kwa vitu vya kuchezea. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, ulisemwa kwamba unawafanya vijana wajiue. Mwaka 1984 mchoraji Jack Chick alitoa kijitabu cha katuni kuhusu mchezo huo, vijitabu vya aina ile vinavyoachwa kwenye viti vya mabasi na vyoo vya stesheni. Mwaka 1986 kikatoka kitabu cha Phil Phillips kuhusu vitu vya kuchezea vya watoto, ambacho hakikuwaacha hata wale Smurfs wadogo wa buluu. Pwani ya California, walezi wa shule ya chekechea ya McMartin walishtakiwa kwa kuwanajisi watoto, na katika tuhuma zikachanganyika habari za ibada za kishetani na mahandaki ya chini ya ardhi. Kesi hiyo iliburuzwa hadi 1990 na haikumtia hatiani mtu hata mmoja. Basi Harry Potter alipowasili Marekani mwaka 1998 alikuta kuni zimeshakauka.

Shauri lililonivutia kuliko yote, hata hivyo, halihusu Harry Potter. Lilianza mwaka 1983 katika wilaya ya Hawkins, milimani mashariki mwa Tennessee. Shule zilikuwa zimenunua vitabu vipya vya kusomea vya kampuni ya Holt, Rinehart and Winston, na baadhi ya wazazi, Wakristo wenye kushika imani kwa nguvu, wakavipitia ukurasa kwa ukurasa. Miongoni mwa waliyoyakataa ilikuwa hadithi ya mchawi wa Oz. Unaijua: msichana Dorothy anasafiri na simba mwoga, mtu wa bati asiye na moyo, na sanamu la majani lisilo na akili. Wapo wachawi wabaya, na yupo mchawi mwema. Hilo la mchawi mwema liliwaudhi, kwa kuwa katika imani yao hakuna mchawi mwema. Hadi hapa hakuna jipya. Walikuwa na lalamiko jingine tena. Mwisho wa hadithi, simba anagundua kwamba ujasiri alikuwa nao siku zote, na mwenzake wa bati hivyo hivyo kuhusu moyo wake. Wazazi wakasema: hii inamfundisha mtoto kwamba ujasiri, akili na huruma anavichimba ndani yake mwenyewe, wakati sisi tunamfundisha kwamba ni vipawa vya Mungu.

Magazeti yaliwacheka. Mimi nadhani hakuna mhakiki wa fasihi aliyewahi kukisoma kitabu kile kwa jicho kali zaidi. Ndivyo hasa inavyosema hadithi ile. Ni hadithi ya mtu anayejitosheleza, imani kuu ya Marekani isiyo na kanisa, na wazazi wa Hawkins waliitambua pale ambapo wenzao waliona simba mwenye utepe kichwani.

Hawakuomba vitabu vichomwe. Waliomba watoto wao, wao tu, wasome kitabu kingine. Bodi ikakataa, na watoto waliogoma wakasimamishwa. Mwaka 1986 jaji wa shirikisho aliwapa wazazi haki. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikapindua hukumu ile, ikisema kwamba kumsomesha mtoto jambo si kumlazimisha aliamini, na Mahakama Kuu ya nchi haikutaka kulisikiliza shauri. Wazazi wakarudi milimani mikono mitupu, baadhi yao wakiwa wameshawahamishia watoto shule za makanisa.

Mioto ilikuja baadaye, na haikuwa na umakini ule. Machi 2001, kanisa moja katika wilaya ya Butler, Pennsylvania, lilichoma vitabu vya Potter pamoja na muziki wa roki na kanda za filamu za Disney. Novemba mwaka huo huko Lewiston, Maine, mhubiri mmoja alinyimwa kibali cha kuwasha moto na idara ya zimamoto, basi akavikatakata kwa mkasi mbele ya waumini. Tarehe 30 Desemba, Alamogordo, New Mexico, mamia ya watu wakakusanyika kwenye uwanja wa kanisa. Waumini wakatupa vitabu motoni, na upande wa pili waandamanaji wakapaza sauti kuwataka waache. Mchungaji alikiri kwamba hakuwa amesoma hata kimoja. Maktaba ya mji ikajibu kwa kupanga meza ya maonyesho ya Harry Potter.

Wachomaji walipenda kutaja Matendo ya Mitume, sura ya 19. Huko Efeso, waliokuwa wakifanya mambo ya uganga walipoamini walikusanya vitabu vyao na kuviteketeza hadharani, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Ni kisa kizito. Lakini kisome polepole. Watu wale walichoma mali yao. Walikuwa waganga wenyewe, wanajua kilichomo, wanaacha chanzo chao cha mapato. Hawakwenda kwenye maktaba ya Efeso kuwatolea wengine vitabu, na hawakuchoma wasichokisoma. Kwa kipimo hicho watu wa Alamogordo, walioleta nakala zao, walikuwa karibu zaidi na Efeso kuliko ile bodi ya Arkansas iliyotia kufuli mali ya umma.

Na kulikuwa na uzushi, ambao siwezi kuupita kimya ingawa haustahili nafasi kubwa. Julai 2000 gazeti la vichekesho la The Onion lilichapisha habari ya kubuni kwamba watoto kwa mamilioni wanajiunga na ibada ya Shetani kwa sababu ya vitabu hivi, ikiwa na kauli za kupikwa za watoto na hata za mwandishi J. K. Rowling. Habari hiyo ikazunguka kwa barua pepe kutoka kanisa hadi kanisa, jina la gazeti limeachwa njiani, na watu waaminifu wakainukuu mimbarani. Mtu akipinga kwa ushahidi uliotungwa na wacheza mzaha, hata hoja yake njema inachekwa pamoja naye.

Sasa linakuja swali ambalo kila mtetezi aliwauliza wapinzani, akidhani amewanasa: mbona kwenye rafu za nyumba zenu wamo C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien? Narnia, vitabu saba vilivyotoka kati ya 1950 na 1956, imejaa uchawi. Tolkien ana Gandalf, mchawi mwenye fimbo na kofia. Jibu la haraka lilikuwa kwamba waandishi wale walikuwa Wakristo, Lewis wa Kanisa la Anglikana na Tolkien Mkatoliki. Hilo ni jibu la uvivu, kumpima mpishi badala ya kuonja chakula.

Lakini lipo jibu la maana, na wapo waliolitoa, kama Richard Abanes aliyeandika kitabu kizima mwaka 2001 kulinganisha Potter na Biblia. Angalia nani ana nguvu hizo na amezipataje. Gandalf si binadamu. Katika ngano ya Tolkien ni roho iliyotumwa duniani kwa sura ya mzee. Huko Narnia nguvu njema ni za simba Aslan, na binadamu anayejitia katika uchawi huishia pabaya: Lucy anasoma maneno kutoka kitabu cha mchawi ili asikie rafiki zake wanamsema nini, na anachosikia kinamwumiza. Mjomba Andrew, mtu mzima anayecheza na pete za ajabu, ni mwoga na mpumbavu. Huko Hogwarts, shuleni kwa Harry Potter, mambo ni tofauti. Mtoto anazaliwa na kipaji, anapelekwa shule, anafundishwa kuloga kama anavyofundishwa hesabu, na hakuna anayeona ajabu.

Mpaka huo hata sisi tunaujua, tena bila kufundishwa na Wamarekani. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952 na kusomwa madarasani kwa miaka mingi. Ndugu wawili wa Adili, Hasidi na Mwivu, wanamtenda unyama, na jini anawageuza manyani wanaochapwa kila usiku. Mtoto wa Kiislamu anakisoma, mwalimu wa Kikristo anakifundisha. Manyani wale hawatishi imani ya mtu. Kwa nini? Nguvu ya kugeuza imo mikononi mwa jini, kiumbe wa Mungu mwenye ufalme na sheria zake. Ni adhabu kwa waovu. Na Adili mwenyewe hajifunzi hata neno moja la kuloga. Masharti ni yaleyale ya Narnia. Hadithi za Alfu Lela Ulela nazo, zenye pete na zulia na mfuko wa maajabu, kwa sehemu kubwa zinakaa upande huo wa mpaka.

Wakristo waliompenda Potter walijua kwamba hapa ndipo pa kujibu. Connie Neal aliandika utetezi wake mwaka uleule wa Abanes. John Granger, mwalimu wa fasihi wa imani ya Kiorthodoksi, akasema kwamba katika vitabu vyote vya Rowling hakuna mtoto anayemwita pepo. Neno linatamkwa, mshumaa unawaka. Hakuna roho iliyoombwa, kama vile hakuna anayemwomba fundi wa umeme anapobonyeza swichi. Kinachokatazwa katika Kumbukumbu la Torati ni kuzitafuta roho na wafu. Na somo la Hogwarts linalokaribia zaidi katazo hilo, la utabiri, ndilo linalofanyiwa dhihaka: mwalimu wake ni mbabaishaji, na walimu wenzake wanamdharau. Hoja nzuri, ila haijakamilika. Mbabaishaji huyohuyo anatoa bishara mbili za kweli, na hadithi nzima imetundikwa juu ya mojawapo.

Nimesema hofu ya ukaidi ndiyo iliyostahili jibu. Ichukue katika kitabu cha kwanza. Somo la kuruka kwa ufagio: mwalimu anawaamuru watoto wasinyanyuke hadi arudi, na kwamba atakayenyanyuka atafukuzwa shule. Harry ananyanyuka. Ana sababu njema, mtoto mkorofi amechukua kitu cha mwenzao. Mwalimu mwingine anamwona kutoka dirishani, anamkamata, anamburura, na msomaji anasubiri adhabu. Badala yake Harry anaingizwa kwenye timu ya mchezo akiwa mdogo kuliko wote, na ananunuliwa ufagio mpya wa bei. Mwisho wa mwaka mambo ni hayohayo. Watoto wamevunja kanuni karibu zote za shule, na mkuu anawapa alama zinazowatwalia kombe.

Mzazi anayemlea mtoto katika utii, awe Mbaptisti wa Arkansas au Mwislamu wa Tanga, ana haki ya kuuliza hapo. Kitabu kinasema nini juu ya mkubwa aliyesema usifanye? Kinasema kwamba mtoto mwenye moyo safi anaruhusiwa kumhukumu. Wapo watakaoona kwamba hilo ndilo funzo bora kwa mtoto anayeishi katika dunia ya wakubwa waovu, na vitabu vina wakubwa waovu wa kutosha. Mimi mwenyewe nimeegemea huko. Ila ni mafundisho, yana uzito, na aliyeyaona hakuwa akiota.

Vitabu vyenyewe vina jibu, tena la polepole. Siku ileile ya kombe, alama kumi za mwisho anapewa Neville, mtoto mwoga aliyejaribu kuwazuia rafiki zake wasivunje kanuni. Halafu katika kitabu cha tano, kilichotoka Juni 2003, Harry anakaidi: amepewa somo alishike, amepuuza, ameambiwa asubiri, amekimbia. Kwa kukimbia kule, mtu anayempenda kama baba anakufa. Hakuna kombe mwishoni. Walioamua mwaka 2002 kwamba mfululizo huu unafundisha ukaidi walikuwa wanahukumu hadithi iliyofika nusu.

Roma ilikuwa na sauti mbili. Februari 2003 Padre Peter Fleetwood, katika mkutano na waandishi huko Vatikani, alisema haoni tatizo katika vitabu hivi. Mwezi uliofuata Kardinali Joseph Ratzinger alimwandikia barua ya faragha Gabriele Kuby, mwandishi Mjerumani aliyevipinga, akimshukuru kwa kuonya kuhusu ushawishi wa chinichini unaoweza kuupotosha Ukristo katika roho ya mtoto kabla haujakomaa. Barua hiyo ilijulikana Julai 2005, wakati kitabu cha sita kinaingia madukani na Ratzinger ameshakuwa Papa Benedikto wa 16. Magazeti yakaandika kwamba Papa amelaani Harry Potter, jambo ambalo barua ya adabu kutoka kwa kardinali haiwezi kubeba. Januari 2008 gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, lilifanya jambo la busara: likachapisha makala mbili, moja ya kutetea na moja ya kupinga, na kumwachia msomaji.

Chini, parokiani, mambo hayakuwa ya kistaarabu hivyo. Mwishoni mwa Machi 2019, katika parokia moja ya Gdańsk, Poland, mapadre walichoma vitu vilivyoletwa na waumini. Picha zikaenea: kitabu cha Potter, mwavuli wenye picha ya paka Hello Kitty, na kinyago cha mbao cha Kiafrika. Padre aliomba radhi baadaye. Waliovitetea vitabu walikuwa wengi. Sikumbuki aliyekitetea kinyago, ambacho huenda kilichongwa na fundi mwenye watoto wa kulisha, kikauzwa kwa mtalii, kikaishia motoni Ulaya kwa kosa la sura yake. Mwaka uleule padre wa shule ya Mtakatifu Edward huko Nashville, Tennessee, aliondoa mfululizo mzima maktabani. Aliwaandikia wazazi kwamba maneno ya kuloga yaliyomo ni ya kweli na yakisomwa na binadamu yanaweza kuwaita pepo wachafu, na kwamba alikuwa ameshauriana na mapadre wapunga pepo wa Marekani na wa Roma. Jimbo likasema padre ana mamlaka juu ya shule ya parokia yake. Naam, ni shule ya kanisa, na mzazi ameichagua.

Ghuba nako kulikuwa na zuio, na sababu zake zilikuwa pana zaidi. Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ya Falme za Kiarabu iliondoa vitabu 26 katika shule, Harry Potter kikiwa kimojawapo, kwa hoja kwamba vinapingana na maadili ya Kiislamu na ya Kiarabu. Sihiri ni miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza katika hadithi ya Mtume, na aya ya 102 ya Suratul-Baqara inasimulia habari za Haruta na Maruta wa Babeli kama onyo. Mzazi Mwislamu ana msingi imara wa kuwa na wasiwasi. Lakini katika orodha ileile kulikuwa na Animal Farm ya George Orwell, ambamo hakuna sihiri, wamo nguruwe. Orodha ndefu ina kawaida ya kuvuta vingi ambavyo havihusiki. Na miaka hiyohiyo kampuni ya Nahdet Misr ya Kairo ilikuwa ikivitoa vitabu vya Potter kwa Kiarabu.

Hukumu ya Arkansas ilitolewa tarehe 22 Aprili 2003 na Jaji Jimm Larry Hendren. Familia moja ilikuwa imeishtaki wilaya kwa niaba ya binti yao. Wilaya ilijitetea kwamba binti hajazuiwa chochote, kwa kuwa wazazi wake waliofungua kesi wangeweza kumtilia saini siku hiyohiyo. Jaji hakukubali. Kitabu kinachotolewa kwa karatasi, alisema, kimeshapigwa chapa ya ubaya, na mtoto anayekiomba anaonekana mbele ya wenzake kama mwenye kuomba ubaya. Tena hawezi kukipitia wima rafuni, kutafuta ukurasa anaoutaka. Kuhusu ukaidi, aliona kwamba wajumbe hawakuweza kutaja tukio hata moja la vurugu shuleni lililosababishwa na vitabu. Kuhusu uchawi, alisema serikali haina ruhusa ya kumwekea mtoto kizuizi kwa sababu tu wakubwa hawapendi mawazo ya kidini wanayoyaona humo. Alijengea juu ya shauri la Island Trees, New York, la mwaka 1982, ambapo majaji wa Mahakama Kuu walisema bodi za shule haziwezi kunyofoa vitabu maktabani kwa kuyachukia mawazo yaliyomo. Vitabu vikarudi rafuni.

Hukumu ile naiona ya haki, na sababu yake ni ileile inayonifanya niwaonee huruma wazazi wa Hawkins. Bodi ya Cedarville ilikuwa inamchagulia kitabu mwana wa jirani. Wa Hawkins walikuwa wanaomba juu ya wana wao wenyewe, na wakanyimwa.

Mfululizo wenyewe ulikwisha mwaka 2007. Katika kitabu cha mwisho Harry anasimama makaburini usiku wa mkesha wa Krismasi, na maandishi kwenye makaburi mawili yametoka katika Injili ya Mathayo na Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Oktoba mwaka huo Rowling, muumini wa Kanisa la Scotland, alisema kwamba kwake uhusiano na Ukristo ulikuwa wazi siku zote, ila hakutaka kuusema mapema kwa kuwa ungefichua hadithi inaelekea wapi. Baadhi ya makanisa yaliyoonya yakaanza kumtumia katika mafunzo ya vijana. Kwa Chama cha Maktaba cha Marekani, Potter ndiye aliyeongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika miaka ya 2000 hadi 2009. Akapungua. Akarudi mwaka 2019, nafasi ya tisa, kwa sababu za uchawi, laana na mbinu chafu za wahusika. Nafasi nyingi za juu yake zilikuwa za vitabu kuhusu jinsia, ambako ugomvi ulikuwa umehamia. Mwaka 2020 mwandishi mwenyewe alitoa maoni yake juu ya wanaobadili jinsia, na baadhi ya wasomaji wake wa zamani, vijana wasio na habari na Kumbukumbu la Torati, wakajirekodi wakivichoma.

Ombi la Hawkins nalo lilirudi mahakamani, likiwa na mavazi mapya. Katika wilaya ya Montgomery, Maryland, wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi waliomba watoto wao watoke darasani vinaposomwa vitabu vya picha kuhusu mashoga na waliobadili jinsia. Bodi ilikuwa imewaruhusu mwanzoni, kisha ikafuta ruhusa kwa kuwa waliotoka walikuwa wengi mno. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama Kuu, majaji 6 dhidi ya 3, iliwapa wazazi haki ya kuwatoa watoto wao wakati kesi inaendelea. Kwa mantiki hiyo mzazi wa leo anayemkataa mchawi mwema wa Oz ana mlango ambao wa mwaka 1983 alifungiwa. Nani atakaa na watoto hao ukumbini, wakisoma nini, na mwalimu ataandaa masomo mangapi kwa saa moja, hayo wameachiwa wakuu wa shule wayapange kabla ya muhula kuanza.